Milima ya Moto na Sisi wa Visiwa vya Amu

Mtu aweza kuzaliwa Amu, akakua, akaoa, akazeeka na kuzikwa huko huko pasipo kuuona mlima wa moto hata siku moja. Visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu ni visiwa vya matumbawe na mchanga. Mawe ya nyumba zetu za kale, na chokaa iliyoyashikisha, vyote vilitokana na matumbawe, yaani mifupa ya viumbe vidogo vya baharini. Mawe mengi ya namna hiyo katika pwani ya Kenya yalijengeka yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Hakuna moto katika habari hiyo.

Kwa sababu hiyo watu wengi wa pwani hudhani kwamba habari za volkano ni habari za watu wa mbali. Lakini msomaji akifuatana nasi kidogo ataona ya kuwa milima ya moto inatugusa katika sahani ya wali, katika taa ya nyumbani, katika safari za majahazi, na hata katika swali lile kubwa la visiwa vyetu, yaani swali la maji ya kunywa.

MOTO HUO WATOKA WAPI?

Wako watu wanaosema kuwa chini ya nchi yote kuna bahari ya moto, na kwamba mlima wa volkano ni tundu la bahari hiyo. Sivyo ilivyo. Dunia ina ganda la mawe magumu. Chini ya mabara ganda hili lina unene wa kilomita 35 au 40 hivi, na chini ya bahari kuu ni kilomita 7 tu. Chini ya ganda kuna mawe mengine ya moto mno, lakini mengi ya hayo hayakuyeyuka. Yamegandamizwa na uzito mkubwa wa mawe yaliyo juu yake, na mgandamizo huo huyazuia kuyeyuka.

Basi mahali ambapo ganda linavutwa na kuwa jembamba, mawe ya chini hupanda juu, na mgandamizo hupungua. Hapo sehemu yake huyeyuka. Mawe yaliyoyeyuka ni mepesi kuliko yale magumu yaliyoyazunguka, kwa hiyo hupanda kupitia nyufa mpaka yapate njia ya kutokea. Yakiisha kutoka juu ya nchi huitwa zaha, au lava. Shimo ambalo hubaki kileleni huitwa kasoko. Kila mara mlima utokapo zaha na majivu, tabaka jipya huongezwa juu ya lile la zamani, na hivyo mlima hujijenga wenyewe.

Lakini mbona mlima mmoja hutiririka kwa upole na mwingine hupasuka kwa kishindo? Tazama uji jikoni. Uji mwepesi ukichemka, mapovu hupanda na kupasuka bila taabu. Uji mzito hushika mvuke ndani yake, na mvuke ukipata nguvu hurusha uji hata ukamchoma mpishi. Ndivyo yalivyo mawe yaliyoyeyuka. Ndani yake mna mvuke wa maji na hewa za namna nyingine. Yakiwa mepesi, hutiririka kama mto. Yakiwa mazito, hufunga hewa hizo mpaka mlima upasuke. Kadhalika, maji ya ziwa au ya bahari yakikutana na mawe ya moto, hugeuka mvuke kwa ghafula, na mlima uliokuwa mpole huweza kutoa mshindo na majivu mengi.

BONDE LA UFA

Katika nchi zetu mahali palipovutwa ni Bonde la Ufa, lianzalo huko Ethiopia na kushuka kusini hata Msumbiji. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka, polepole kuliko ukucha uotavyo. Mwendo huo ni mdogo, lakini umeendelea kwa mamilioni ya miaka, na katika nyufa zake na kando zake imeinuka milima mingi: Longonot na Menengai huko Kenya, Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai huko Tanzania, na wengineo. Kilimanjaro, wenye meta 5,895, ndio mrefu kuliko yote ya Afrika. Oldoinyo Lengai haujalala; ulitoa majivu kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007 na 2008.

Mlima Kenya nao ulikuwa mlima wa moto. Ulizimika zamani sana, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mvua, upepo na barafu vimeukwangua tangu hapo, hata vilele vya Batian na Nelion tuvionavyo leo ni mawe magumu yaliyogandia katika koo la mlima. Leo urefu wake ni meta 5,199. Swali la maana kwetu ni hili: yale yaliyokwanguliwa yalikwenda wapi?

TOPE LA MTO TANA

Sehemu ya jibu inapita karibu na mlango wetu. Mto Tana hupata maji yake ya kwanza katika Mlima Kenya na katika safu ya Nyandarua, ambayo nayo ni milima ya mawe ya moto wa kale. Mto huu husafiri karibu kilomita 1,000 mpaka baharini, katika Ghuba ya Ungwana, upande wa kusini wa visiwa vyetu. Maji yake huwa mekundu wakati wa mvua kwa sababu yamebeba udongo wa nchi za juu.

Mawe ya volkano yakilainishwa na mvua na jua kwa muda mrefu hugeuka udongo wenye rutuba nyingi, kwa maana ndani yake mna madini yanayohitajiwa na mimea. Ndiyo sababu chai na kahawa hustawi sana katika miteremko ya Mlima Kenya. Sehemu ya udongo huo hushuka na mto, ukichanganyika na ule wa nchi kavu za katikati, na mafuriko yakija hutandazwa katika mabonde ya chini. Wapokomo wamelima mpunga na migomba kwa mafuriko hayo tangu enzi za mababu. Kinachobaki huingia baharini, na chakula kilichomo hulisha kamba na samaki wa Ungwana, wanaovuliwa na kuliwa na watu wa pwani.

Basi anayekula wali wa bonde la Tana kwa kamba wa Ungwana anakula pia kidogo cha mlima uliozimika kabla ya binadamu kuwako.

Hata hivyo, neema hiyo haifiki yote kama ilivyofika zamani. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, na hasa baada ya bwawa kubwa la Masinga mwaka 1981, tope jingi hutua katika mabwawa, na mafuriko yamebadilika. Mabwawa yametuletea umeme, nao una faida kubwa. Lakini mkulima wa huku chini yampasa ajue ya kuwa rutuba iliyokuwa ikiletwa na mto bure haji tena kwa wingi ule ule.

MVUKE UWASHAO TAA

Faida nyingine ya moto wa chini ni ya siku hizi. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima virefu vimechimbwa mpaka kwenye mawe ya moto. Mvuke hupanda kwa nguvu na kuzungusha mitambo ya umeme. Kazi hiyo ilianza mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa namna hiyo. Kwa kuwa Amu nayo imeunganishwa na nyaya za taifa, taa inayowaka katika chumba cha mwanafunzi wa Langoni au Mkomani huenda ikawa yapata nguvu zake kutoka katika volkano.

BANDARI ILIYOMO NDANI YA KASOKO

Mabaharia wa visiwa hivi waliijua milima ya moto kabla ya walimu wa shule. Waliosafiri na kusi walifika Aden, na waliosafiri na kaskazi walifika Ngazidja. Bandari zote mbili zimesimama juu ya mawe ya moto.

Mji wa kale wa Aden umo ndani ya kasoko la volkano iliyozimika, na milima myeusi inayouzunguka ni kingo za kasoko hilo. Mvua ni haba huko, na jua ni kali. Watu wa kale hawakukata tamaa. Walichonga mabirika makubwa katika miamba ya bonde la Tawila, wakayapaka lipu ngumu ili yasivuje, na mvua chache zinyeshapo milimani maji yakateremka kutoka birika moja hata jingine. Mabirika hayo yako hata leo, na wageni huenda kuyatazama. Mtu wa Pate au Siyu, aliyelelewa kwa maji ya jabia, hana haja ya kuelezwa ubora wa kazi hiyo.

NGAZIDJA NA MLIMA KARTHALA

Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni umbali wa kilomita 1,000 hivi kutoka Amu. Mlima wake, Karthala, una urefu wa meta 2,361, nao uko hai kabisa. Mvua hunyesha nyingi kisiwani, lakini mito ya kudumu hakuna, kwa sababu mawe ya zaha yana matundu na nyufa, na maji huzama mara moja. Kwa hiyo wenyeji wengi hukinga maji ya mvua kutoka katika mapaa na kuyaweka katika mabirika, kama tufanyavyo sisi. Matumbawe na zaha ni mawe tofauti kabisa, lakini yamewaletea watu wa visiwa viwili taabu ile ile.

Mlima huo umeleta misiba ya namna tatu. Mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka mlimani iliua watu 17. Mwaka 1977 zaha iliteremka mpaka kijiji cha Singani na kuangamiza nyumba. Mwaka 2005, mwezi wa Aprili, na tena mwezi wa Novemba, mlima ulitoa majivu mengi. Ndani ya kasoko lake mlikuwa na ziwa, na maji yalipokutana na moto yakaleta ule mshindo tuliokwisha kuueleza.

Katika msiba huu wa mwisho zaha haikufika vijijini. Majivu ndiyo yaliyoleta shida kubwa. Yalianguka juu ya mapaa, juu ya mashamba, na ndani ya mabirika yaliyokuwa wazi. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta na birika lililojaa maji yasiyofaa kunywewa, ikabidi wapelekewe maji safi.

Kuhusu hewa ya sumu, lugha yetu imeipa dunia neno. Kandokando ya Goma, katika Kongo ya mashariki, hewa nzito isiyo na rangi hutoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa usiku kusipokuwa na upepo. Mnyama au mtoto akilala humo hufa bila kelele. Wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingi sasa hulitumia neno hilo hilo katika maandishi yao. Mji wa Goma umepata msiba wa zaha pia, maana mlima Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Mwaka 2002 zaha ilipita katikati ya mji, ikateketeza maduka na makazi, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Lakini waliorudi walirudi kulima, kwa kuwa udongo wa huko ni mzuri mno. Hivyo ndivyo mlima wa moto unavyowafanyia majirani zake: huwafukuza, kisha huwaita.

MLIMA MPYA CHINI YA BAHARI

Mwezi wa Mei 2018 watu wa Maore, kisiwa kingine cha Komoro kilicho chini ya utawala wa Ufaransa, walianza kutikiswa na matetemeko mengi. Tarehe 11 Novemba mwaka huo mtetemo wa ajabu ulitoka upande ule, ukazunguka dunia, na vyombo vya kupimia matetemeko viliunasa hata Kenya, ingawa watu hawakuusikia. Mwaka 2019 merikebu ya uchunguzi iligundua sababu yake. Kilomita 50 hivi mashariki ya Maore mlima mpya wenye kimo cha meta 820 hivi ulikuwa umezaliwa katika sakafu ya bahari, mahali penye kina cha meta 3,500. Leo unaitwa Fani Maore. Nacho kisiwa chenyewe kilididimia kwa sentimita kadhaa, kwa sababu mawe yaliyoyeyuka yalihama chini yake. Basi tusidhani kuwa kuumbwa kwa milima ni jambo la kale tu. Bahari yetu ya Hindi imezaa mlima mbele ya macho ya watu walio hai.

KISHINDO KILICHOVUKA BAHARI

Mlima ulio mbali sana nao huweza kutufikia. Tarehe 27 Agosti 1883 kisiwa cha Krakatau, kati ya Java na Sumatra, kilipasuka. Kishindo chake kilisikika katika kisiwa cha Rodrigues, umbali wa kilomita 4,800 hivi, na watu wakadhani ni mizinga ya merikebu iliyo taabuni. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi makubwa yaliyoinuka baharini. Mawe mepesi ya mlima huo, ambayo huelea kwa sababu yamejaa vitundu vya hewa, yalichukuliwa na mikondo ya maji, na mwaka 1884 yalikuwa yakitupwa ufuoni huko Unguja.

Majivu na moshi wa kiberiti vikipanda juu sana huzuia sehemu ya miale ya jua. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipopasuka mwezi wa Juni 1991, dunia nzima ilipoa kwa kadiri ya nusu digrii kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Nusu digrii yaonekana kidogo, lakini mkulima ajua kuwa mabadiliko madogo ya majira yaweza kuharibu mavuno.

JE, AMU KUNA HATARI?

Katika visiwa vyetu hakuna mlima wa moto, wala hapana sababu ya kuogopa kuwa zaha itatokea Shela au Faza. Hatari iwezayo kutujia kutoka mbali ni wimbi. Mnamo tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra liliinua mawimbi yaliyovuka bahari yote kwa saa chache na kufika pwani ya Kenya. Lile halikuwa kazi ya volkano, lakini Krakatau ilitufundisha kwamba volkano nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Dalili moja kila mvuvi na kila mtoto yafaa aijue: maji yakikimbia ghafula kutoka ufuoni wakati usio wa kupwa, usiende kuokota samaki. Kimbilia juu, na uwaite wenzako.

LIPI LATUPASA?

Kwanza ni habari ya udongo. Mkulima aliyehama kutoka nchi ya mlima na kuja kulima Mpeketoni au Hindi huona upesi kuwa udongo wa mchanga wa pwani hauna akiba kama udongo mwekundu wa kwao. Huko mlima ulitia mbolea kwa muda wa mamilioni ya miaka. Huku mtu yampasa aitie mwenyewe. Samadi ya ng'ombe na mbuzi isitupwe. Majani na mabua yasichomwe, bali yarudishwe shambani yaoze. Kunde na pojo zipandwe kwa zamu pamoja na mahindi, kwani huongeza nguvu ya udongo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na shamba lililochoka hugharimu zaidi kulifufua kuliko kulitunza.

Pili ni habari ya maji. Mji wa Amu hunywa maji ya mvua yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, yakakaa chini yake juu ya maji ya chumvi. Vilima hivyo ni birika letu lisilojengwa na mtu. Anayechota mchanga wake ovyo, au kujenga juu yake, anatoboa birika la mji mzima. Na kule Pate, Ndau na Kiwayu, jabia ifunikwe na isafishwe kabla ya masika, na mapaa yafagiliwe. Watu wa Ngazidja walijifunza jambo hilo katika siku moja ya majivu. Sisi hatuna majivu, lakini vumbi, kinyesi cha ndege na majani makavu huharibu maji vile vile, polepole, pasipo kishindo cha kutuamsha.

Milima ya moto haiwezi kuamriwa na mtu. Udongo na maji yako mikononi mwetu, nayo kazi ya kuyatunza yaweza kuanza leo kwa jembe, kwa ufagio na kwa kifuniko cha jabia.